Majina Mawili Katika Sala

Samuye, Jumapili, 16 Novemba 1997

Kwa miaka kumi nimeficha jambo moja, na nataka liwe la kwanza katika daftari hili ili nisipate nafasi ya kulizunguka. Barua iliyochapishwa gazetini mwaka 1987, ile iliyowaomba wasamaria wema wamchangie mtoto Noela mwenye tundu kwenye moyo, niliiandika mimi. Hilo kila mtu analijua; nimepongezwa kwa hilo mpaka na mapadre. Lisilojulikana ni kwamba mstari wake wa pili ulikuwa wa uongo. Niliandika: "Baba yake mzazi, Makoye, alifariki kwa kufukiwa na duara, shimo la wachimbaji, katika machimbo ya dhahabu ya Geita." Sikuwa na habari yoyote ya kifo cha Makoye. Nilimfukia mwenyewe, kwa kalamu, nikiwa nimekaa kwenye meza ya mwalimu mkuu na kikombe cha chai pembeni.

Sasa nina miaka sabini na mmoja. Daktari wa mjini ameniwekea mpira wa mkojo. Amesema tezi imekuwa kubwa, nipelekwe Mwanza nikapasuliwe, na nisichelewe kwa sababu figo zimeanza kuchoka. Akataja na gharama. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani.

Namwandikia Noela. Mama yake hajui kusoma.

19 Novemba

Mvua. Inapiga bati tangu alfajiri.

23 Novemba, Jumapili

Noela amerudi jana kutoka shule ya bweni, amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Ana miaka kumi na minane, mrefu kuliko mama yake, na kovu lake la kifuani analifunika kwa vifungo vyote vya blauzi hata wakati wa joto.

Niandike wazi nani ni nani. Mama yake, Paskalina, ni mke wangu. Nilimwoa mwaka 1988, mimi mgane, yeye mjane. Au tuseme, yeye akiitwa mjane. Noela ananiita baba tangu hapo. Nina mtoto mwingine, Onesmo, wa marehemu mke wangu wa kwanza. Ni karani wa reli Tabora. Hakuipenda ndoa ile. Alisema nimekwenda kuchumbia matangani, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Leo Noela aliuliza gharama ya upasuaji. Nikamwambia. Akasema kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni:

"Tuandike gazetini, baba. Na redioni."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Mimi ninapumua kwa pumzi ya watu nisiowajua."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

"Sasa wazee wasitibiwe?"

Nilimjibu vibaya, kwa maneno ya darasani. Nilimwambia kwamba jirani anakupa huku akijua una mdomo mchafu na uliwahi kumpiga mbuzi wake kwa jiwe. Anakupa wewe, na makosa yako. Mtu asiyekujua anakupa kwa sababu ya karatasi, basi karatasi inalazimika kuwa safi kuliko mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu," akasema. Huniita mwalimu akinikasirikia.

30 Novemba

Kila jioni kabla ya chakula watu wa nyumba hii husali, na sala ya mwisho huwa ya marehemu. Noela ndiye huiongoza akiwa nyumbani. "Uwape raha ya milele, ee Bwana, Makoye na Donatus." Majina mawili, kila jioni, kwa miaka kumi. Mimi huitikia.

Donatus hatukumjua. Mwaka ule wa barua, vifurushi na bahasha vilikuja kutoka pande zote. Wanafunzi wa shule moja ya Songea walibandika sarafu kwenye boksi kwa ugali. Mfungwa mmoja alituma stempu, kwa sababu hakuwa na kingine. Na mwanamke mmoja wa Chunya alituma sweta la sufu la kijivu, kubwa, la mtu mzima. Barua yake naijua kwa moyo: "Baba yangu Donatus naye alifukiwa na duara, hapa Chunya, nikiwa na umri kama wa Noela. Hili ni sweta lake. Nimelitunza muda mrefu, lakini nasikia huko mtoto anakopelekwa kuna baridi. Mkimwombea baba yake Noela, mtajeni na baba yangu."

Noela alilivaa kwenye ndege na wodini. Bado analo. Jioni hii, kwa sababu ya ubaridi wa mvua, alikuwa amelivaa.

6 Desemba

Alikuja jirani yangu Nkwabi, katibu wa ifogong'ho, chama chetu cha kuzikana. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua makoti yake mawili.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, Nkwabi."

"Wanachama wananiuliza kama waanze kukusanya kuni."

"Waambie kuni zimelowa."

"Ndivyo nilivyowajibu. Nikasema Mwalimu ni mtu wa utaratibu, hawezi kutuchimbisha udongo wa mbuga wakati wa masika ya Elnino."

Paskalina alimwambia ashike adabu, lakini alikuwa anacheka. Noela hakucheka.

"Mzee Nkwabi," akasema, "chama chenu kina masufuria, kina mabenchi, kila nyumba inatoa. Kwa nini hakiwezi kumpeleka mgonjwa Mwanza?"

"Binti, sisi kazi yetu kuzika. Mgonjwa ana mambo. Leo apelekwe, kesho arudishwe, keshokutwa hataki dawa. Marehemu hana malalamiko."

"Kwa hiyo mnangoja afe ndiyo mmpende."

Nkwabi alitazama matope kwenye viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba ng'ombe wake mmoja yuko tayari kwenda mnadani, na kwamba ameshaongea na nyumba sita. Haitoshi, alisema, lakini ni mwanzo. Aliondoka na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, aliyofungiwa na Mama Noela.

Ng'ombe alionao ni wawili.

9 Desemba

Mvua. Mkojo ulitoka na damu. Sikumwambia mtu.

14 Desemba, Jumapili

Leo nina nguvu kidogo, kwa hiyo niandike jinsi Makoye alivyozikwa.

Makoye alikwenda Geita mwaka 1985, kama vijana wengi walivyokwenda. Miezi ya kwanza alituma salamu, sabuni, kitenge. Halafu kimya, miaka miwili. Noela akaanza kuwa na midomo ya bluu. Serikali ilikubali matibabu ya nje, lakini nauli ya msindikizaji na mahitaji mengine yalikuwa juu ya familia, na familia ilikuwa Paskalina na shamba la pamba. Akanijia shuleni, akakaa sakafuni ingawa kulikuwa na kiti. Nikaanza kuandika barua. Nilipofika kwa baba, kalamu ilisita. Niliona msomaji wa Dar es Salaam akiuliza: baba yuko wapi? Kwenye dhahabu? Basi achimbe amlipie mwanawe. Nikamfukia. Ilikuwa sentensi nzuri. Nilipoisoma upya, machozi yalinitoka mimi mwenyewe.

Sikufikiri kwamba gazeti lingefika Samuye.

Lilifika siku ya kuuza pamba, mwezi Julai. Watu walikuwa wamejipanga kwenye kituo cha ununuzi na mizigo yao. Nkwabi, wakati huo kijana mwenye madaha ya kusoma, akasimama juu ya gunia akawasomea. Akausoma na mstari wa pili. Wote wakageuka kumtazama Paskalina, aliyekuwa katikati ya foleni na mzigo wa pamba kichwani. Aliutua taratibu. Halafu akapiga yowe ambalo nililisikia shuleni.

Hakuna aliyekuja kuniuliza nimezipata wapi habari hizo. Aliyeandika ni Mwalimu, na limechapishwa gazetini, nani angeuliza? Kabla ya saa kumi masufuria ya chama yalikuwa uani kwa Paskalina. Mimi ndiye niliyekuwa katibu siku hizo. Nilifungua ukurasa mpya katika daftari, nikaandika juu, kwa wino: Msiba wa Makoye. Siku nne nilikaa pale nikiandika nani ameleta mtama na nani ameleta kuni. Siku nne nilikuwa na mdomo. Siku ya nne walinyoa nywele, na Paskalina akainuka mjane.

Lakini bahasha zilikuwa zimeanza kuja. Nilijiambia nikisema sasa, mtoto hatasafiri. Alisafiri Septemba. Alirudi Januari, midomo yake ya rangi ya kawaida, akikimbiza kuku. Kila nikimwona anakimbia nilisema moyoni: sawa basi.

Makoye hakuonekana tena.

20 Desemba

Mvua. Ukuta wa jiko umeanguka. Mama Noela anapikia barazani.

25 Desemba

Padre hakuweza kuvuka mto. Tumesali wenyewe. Makoye na Donatus.

27 Desemba, Jumamosi

Mzee Ebrahim amekuja. Sikutegemea. Gari la duka lilimleta mpaka kwenye matope, kisha akatembea na mwavuli, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu haina hata tone. Tumejuana miaka arobaini. Duka lake la mjini ndilo lililokuwa anwani ya wote tusio na sanduku la posta, na zile bahasha zote za mwaka 1987 zilipitia mikononi mwake.

"Umekonda, Mwalimu. Sasa naweza kukuuza kwa futi, kama mbao."

"Na wewe wa kuuzwa kwa kilo."

"Mke wangu Dhanbai amekutumia achari ya ndimu. Amesema ukishindwa kuila, basi kweli unaumwa."

Noela alimwamkia, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: kama anaweza kutumia tena sanduku lile.

"Sanduku lipo, namba ile ile, ufunguo ninao," Ebrahim akasema. "Baba yako anasemaje?"

"Baba anaona aibu."

"Aibu," Ebrahim alirudia, akanitazama.

Tulipobaki wawili alinihadithia habari za mwanawe Hozefa, ambaye sasa ana duka la vifaa Kahama. Biashara nzuri. Mfungo utaanza wiki ijayo. Kisha akasema, huku akikung'uta mwavuli:

"Hozefa ana mteja mmoja, fundi baiskeli, yuko Nyasubi, hapo hapo Kahama. Hununua spoku na gundi ya viraka. Kila Idd anamuuliza: yule mtoto wa moyo, wa Samuye, bado mzima? Hozefa anamjibu mzima. Basi, anachukua vitu vyake anaondoka."

"Watu wengi walisoma gazeti lile," nikasema.

"Wengi sana. Ila huyu hajui kusoma."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Leo siongezi kitu.

1 Januari 1998

Nimeuona mwaka. Miguu imevimba.

9 Januari, Ijumaa

Noela ameandika barua bila ruhusa yangu. Alinisomea leo asubuhi kitandani, mama yake amekaa mlangoni anachambua kunde.

Inaanza: "Baba yangu, Mwalimu Stanslaus Maganga, aliwafundisha kusoma watoto wa Samuye kwa miaka thelathini na minne. Hana mtoto mwingine wa kumsaidia. Anayewaandikia ni mimi, yatima aliyemlea." Inaendelea hivyo. Ina mapigo mazuri. Mahali anapotaja mvua na ukuta wa jiko ulioanguka, mama yake aliacha kunde akajifuta macho.

"Inaliza kama ile ya kwanza," Paskalina akasema.

Nikauliza, "Onesmo je?"

"Nimemwacha."

"Onesmo ni mwanangu. Ana mshahara."

"Ndiyo maana nimemwacha. Mtu akisoma kwamba una mtoto karani wa reli, atafunga gazeti. Na kweli anakusaidia? Sikusema amekufa, baba. Nimesema hayupo tu."

"Nani amekufundisha kuandika hivyo?"

Alinishangaa. Akachomoa kutoka kwenye mkebe wa barua za wasamaria kile kipande cha gazeti, kimekuwa cha njano, akakiweka kifuani pangu.

"Wewe. Nimefuata hii mstari kwa mstari. Nimebadilisha majina."

Niliukodolea macho mstari wa pili. Pale nilipomweka Makoye, ndipo alipomweka Onesmo. Mahali pale pale, baada ya jina la mgonjwa, kabla ya ugonjwa. Hakuna aliyemwambia kwamba pale ndipo mahali pa kumwondoa mtu. Alijifunza kwa kusoma vizuri, kama nilivyomfundisha.

Nilisema nimechoka. Alidhani nimekubali.

12 Januari

Noela amekwenda mjini na barua, kwa miguu, amevaa mabuti ya Nkwabi.

13 Januari

Amerudi salama. Barua iko kwa Ebrahim. Mifuko ya posta haiondoki. Wanasema reli imekatika na mabasi ya Mwanza yamelala njiani. Posta ikianza kupokea barua, Ebrahim ataipeleka.

16 Januari

Mvua. Nashukuru kwa mvua. Sijawahi kuandika neno hilo na kulionea haya.

22 Januari, Alhamisi

Nimelala siku tano, homa. Leo nimekaa.

Nimekuwa nikiwafikiria wale watu waliotuchangia. Mtu akinisoma atadhani ninachukia kuomba. Hapana. Mtoto anakufa, baba hayupo, jirani ana debe moja tu la mtama. Ni lazima sauti ivuke mto. Na waliovuka kuja kwetu walikuwa watu wazuri kuliko mapadre walivyotuhubiria. Walitoa wasijue hata njia ya kufika Samuye. Hawakungoja kushukuriwa.

Kosa langu halikuwa kuomba. Kosa langu ni kwamba sikuwaamini niliokuwa nawaomba. Niliona lazima niwape yatima, kwa sababu mtoto ambaye baba yake ni mzembe machimboni asingewatosha. Je, wangetoa kama ningeandika ukweli? Huenda nusu. Huenda nusu ingetosha. Sikuwapa nafasi ya kuwa wema kuliko nilivyowadhania. Na yule mwanamke wa Chunya nilimvua sweta la baba yake kwa ajili ya kaburi lisilokuwapo.

Najua kitakachotokea barua ya Noela ikitoka. Watatoa. Nitapasuliwa. Huenda nikaishi miaka mitano mingine, na Onesmo atasoma gazeti Tabora na kuona kwamba hayupo.

27 Januari

Jua, saa mbili tu. Mama Noela aliniogesha barazani. Alisema, "Mwalimu, umekuwa mwepesi kama mwanasesere." Ana mikono yenye nguvu. Nilimwita kwa jina lake, Paskalina, akauliza kama ninaumwa zaidi.

1 Februari, Jumapili

Padre amevuka hatimaye. Aliniletea komunyo. Aliniuliza kama nataka kuungama, nikasema nitamwita. Ninaungama hapa, na bado nazunguka.

Mwaka 1988, mwezi Agosti, majina yetu yalitangazwa kanisani Jumapili tatu, kama desturi ilivyo: Stanslaus Maganga, mgane, na Paskalina, mjane wa Makoye, yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii aseme. Kila Jumapili nilikaa benchi la mbele. Kanisa zima lilikuwa limejaa watu waliokula mtama wa matanga yale. Aliyejua kizuizi alikuwa mmoja, na alikuwa ndiye bwana harusi.

Nilikuwa nampenda. Ningependa kusema kwamba hilo lilianza baada ya msiba. Siku aliyokaa sakafuni ofisini kwangu, wakati kalamu iliposita, ilikuwa imekwisha kuanza. Kwa hiyo sijui mstari wa pili niliuandika kwa ajili ya msomaji wa Dar es Salaam au kwa ajili yangu.

4 Februari

Posta imeanza kupokea barua. Nkwabi alikuja na habari hiyo kama zawadi. Nikamwambia mbele ya wote:

"Nenda mjini kesho. Mwambie Ebrahim nataka barua ile irudi."

Noela alikuwa anatwanga. Aliacha mchi ndani ya kinu.

"Unataka kufa?"

"Sitaki."

"Basi ni nini? Ni nini, baba?"

"Onesmo yuko hai."

"Onesmo! Onesmo hajakuletea hata kipande cha sabuni!"

"Yuko hai, Noela. Mtu akiwa hai haondolewi."

"Nitaandika nyingine. Nitaandika hata ukikataa, nitaipeleka redioni mwenyewe." Alikuwa analia kwa hasira, mkono umekandamiza kovu kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Watu walinipa mimi! Kwa nini wasikupe wewe? Wewe una ubaya gani?"

Hilo ndilo swali. Nilifungua mdomo.

Mama yake akaingilia. "Mwalimu, mtoto anakutafutia uzima, unamnyang'anya. Hii si haki." Na Nkwabi, ambaye hana siku anayokosa neno, alikuwa anatazama mvua.

Sikusema.

7 Februari, Jumamosi

Nkwabi amerudi na barua. Bahasha haina muhuri. Ndani yake Ebrahim ametia karatasi ya risiti, na nyuma yake ameandika: "Mwalimu, hii hapa. Sikuipeleka hata posta ilipofunguliwa, nilijua utaitaka. Hozefa anasema Idd hii mteja wake alikuja kama kawaida. Nyasubi hakuna matope sasa. Dhanbai anauliza kama umekula achari."

Nilikula kidogo. Ilikuwa kali, nikaona ladha.

8 Februari, Jumapili

Noela, nimekuita nikakwambia daftari hili ulisome leo, mimi nikiwa bado ninasikia. Nilikusudia ulisome nikiwa nimezikwa. Nimeona huo ni uongo wa aina nyingine: kuungama kwa watu ambao hawawezi kuniuliza. Msomee na mama yako, kwa sauti, usiruke kitu. Miaka kumi ameishi katika mambo niliyoyaandika bila kujua yameandikwa nini.

Ukitaka kuniombea kwa watu tusiowajua, niombee. Sitakuzuia tena. Lakini uandike kwamba nina mtoto anaitwa Onesmo ambaye hatusemezani, na kosa ni langu zaidi. Uandike kwamba niliwahi kuwadanganya watu kama hao hao. Atakayetoa baada ya hapo atakuwa amenipa mimi. Asiyetoa, hana kosa.

Na mwandikie yule wa Chunya. Mrudishie sweta.

Tarehe 14 Desemba niliandika kwamba Makoye hakuonekana tena. Si kweli. Mimi mwenye kuungama nimedanganya hata humu.

Ilikuwa wiki ya kati ya tangazo la pili na la tatu, Jumatano, watoto wengi wa shule wamekwenda nyumbani kula. Mtu alisimama mlangoni pa ofisi, mwembamba, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Alikuwa amefungwa miezi mingi kwa kesi ya machimbo, kisha akaumwa, kisha akachimba. Alikuwa amesikia njiani kwamba yeye ni marehemu, akadhani nitacheka naye. Alikuja kwangu kwanza ili nitangulie kumwambia Paskalina taratibu, asije akaanguka kwa mshtuko.

Mtoto alikuwa amepona, miezi saba tayari. Hakuna aliyekuwa hatarini isipokuwa mimi. Nikafunga mlango. Nikamwambia kwamba Paskalina amepokea fedha za watu kwa jina la mjane, kwamba ni kosa la jinai, kwamba akionekana hai mkewe atafungwa na mtoto atalelewa na serikali. Nilimwonyesha gazeti. Alilishika juu chini. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye Mwalimu.

Alilia bila sauti. Halafu akatoa kichupa cha sindano ya penisilini, kimefungwa kwa nta, ndani yake unga wa dhahabu. "Wa mtoto," akasema. "Usiseme umetoka kwangu." Akaniuliza kama anaweza kumwona kwa mbali. Tukasimama dirishani. Ulikuwa unaruka kamba na wenzako, Noela, umevaa gauni la bluu. Alihesabu umeruka mara ngapi. Kisha akapitia nyuma ya shule, njia ya Kahama.

Unga ule niliuuza. Mama yako nilimwambia ni mafao yangu ya kustaafu. Ndiyo mabati haya, ambayo masika yote haya mvua imepiga juu ya vichwa vyetu.

Yuko Nyasubi, anatengeneza baiskeli. Hozefa atakupeleka mpaka kibandani kwake. Sijui atakupokeaje, wala mama yako atafanya nini, na sina haki ya kuomba afanye hiki au kile. Naomba jambo moja tu, kwa jioni ya leo. Ukifika kwenye sala ya marehemu, mtaje Donatus peke yake. Mimi utanitaja zamu yangu ikifika. Makoye mtoe hapo. Makoye yu hai.